Thumuni si asilimia nane

Nasomesha Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule ya sekondari. Kila mwaka tukifika kwenye mirathi ndipo ninapoona jinsi vijana wetu walivyo wageni wa hesabu.

Nilitoa swali jepesi. Mtu amefariki, madeni na wosia vimekwishatolewa, zimebaki shilingi 24,000,000. Ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Mke anapata ngapi? Aya (4:12) wanaijua, na wanaisoma kwa tajwidi nzuri. Kijana mmoja akabonyeza kikokotoo, akasimama: "Ustadh, 1,920,000." Ameichukua thumuni akaifanya asilimia nane! Na wengi darasani wakamuunga mkono.

Thumuni ni asilimia 12.5. Haki ya mjane ni 3,000,000. Tulikuwa tumeshamdhulumu 1,080,000, na aya tumeisoma sawasawa.

Tangu siku ile vikokotoo vinabaki mkobani. Thumuni ni nusu ya nusu ya nusu, basi tunakata mara tatu: 24, 12, 6, 3. Milioni 21 zilizobaki ni mafungu matatu, mawili ya mwana na moja la binti, yaani 14 na 7. (Wazee wetu waliita senti 50 thumuni, na wapo wanafunzi waliodhani kwa hiyo thumuni ni nusu. Hilo nalo lilichukua kipindi kizima.)

Kwenye zaka, kinachowatisha ni nukta ya 2.5. Nawaambia waisahau, ni fungu moja katika arobaini. Chukua robo, kisha ondoa sifuri moja. Mwenye 3,600,000 zilizofikia nisabu na kupitiwa na mwaka, robo yake ni 900,000, zaka yake 90,000. Asiyeamini aanze na ushuri, 360,000, aukate nusu mara mbili. Atafika palepale. Lakini nukta ikihama nafasi moja tu, fakiri anapewa 9,000, na 81,000 zake zimebaki kwa tajiri.

Wapo wanaoniambia hiyo ni kazi ya mwalimu wa hesabu. Mbona kwenye kikao cha mirathi anaitwa ustadh? Nimekaa katika vikao hivyo. Mjane yuko chumbani na wanawake wenzake, anasubiri kuambiwa kiasi, wala hana karatasi mkononi.

Yule kijana wa 1,920,000 nilimuuliza juzi, tukitembea kwenda kuswali Adhuhuri, thuluthi mbili za 4,500,000 ni ngapi. Akajibu kabla hatujavua viatu: "Milioni tatu, Ustadh."