SOMO LA WIKI: Televisheni katika nyumba mpya, bei ya dukani si gharama yote

MFANYABIASHARA aliyekwisha ezeka nyumba yake Ipole, wilayani Sikonge, aghalabu hubaki na fedha kidogo na mahitaji mengi. Milango inadai, choo kinadai, na watoto wanadai televisheni. Siku akienda Tabora kununua mahitaji hukuta dukani king'amuzi kinachouzwa kwa bei ya kuvutia, akakinunua na kurudi nacho. Mwezi mmoja baadaye hugundua kwamba fedha aliyotoa siku ile ilikuwa sehemu ndogo tu ya gharama yenyewe.

Somo la wiki hii ni namna ya kupiga hesabu hiyo kabla ya kufungua pochi. Kosa hapa haliishii kwenye kukosa picha. Kwa mnunuzi wa asali au mkulima wa tumbaku, laki mbili au tatu zilizokwama ukutani ni mtaji ambao haupo msimu unapofunguliwa.

Hesabu ya misafara

Wafanyabiashara wa karne ya 19 waliopanga misafara yao Tabora na Kwihara walilijua jambo hili vizuri. Bei ya pembe ya ndovu pale Unyanyembe haikuwa gharama yake. Palikuwa na ujira wa mpagazi, ambaye mzigo wake ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi kidogo ya kilo 30. Palikuwa na posho ya njiani. Na palikuwa na hongo iliyotozwa na watemi ambao msafara ulipita katika nchi zao. Tajiri aliyesahau hongo alifika pwani na hasara.

Televisheni nayo ina mambo hayo matatu. Bei ya vifaa ni pembe, ufungaji na umeme ni mpagazi na posho, na ada ya kila mwezi ni hongo. Asiyeyajumlisha yote hajui anachonunua.

Kwanza, je, mawimbi yanafika?

Tanzania Bara ilipata televisheni zake mwaka 1994, ITV ikiwa miongoni mwa za kwanza, miaka mingi baada ya Zanzibar iliyokuwa nayo tangu 1973. Wakati huo antena ya bati na televisheni ya chogo vilitosha kwa aliyeishi karibu na mnara. Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, kisha mikoa mingine ikafuata. Tangu hapo, mwenye antena anahitaji pia king'amuzi cha dijitali.

Njia ya antena ndiyo yenye gharama ndogo kuliko zote, lakini ina sharti moja gumu: lazima mnara uwe karibu. Mawimbi haya husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na dunia ni mviringo. Kipimo cha kukadiria ni hiki: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa mnara kwa mita, ongeza kipeuo cha pili cha urefu wa mlingoti wako, kisha zidisha kwa 4.1. Mnara wa mita 100 na mlingoti wa mita 9 hutoa 10 na 3, jumla 13. Zidisha kwa 4.1 upate kama kilomita 53. Hiyo ni katika nchi tambarare isiyo na kizuizi. Mnara ukiwa juu ya kilima huenda mbali zaidi. Msitu mnene ukiwa katikati hupunguza.

Sasa, kutoka Tabora mjini hadi Sikonge ni takribani kilomita 70 kwa barabara, na Ipole iko mbele zaidi kusini, kwenye njia panda ya Mpanda na Rungwa. Kwa hesabu hiyo, mnara wa urefu huo uliopo Tabora hauwezi kutegemewa Ipole. Kwa hiyo asinunue antena yeyote ambaye hajaiona ikifanya kazi kwa jirani yake kijijini hapo hapo, kwa king'amuzi cha aina ile ile. Picha nzuri iliyoonekana dukani Tabora haithibitishi lolote. Katika dijitali hakuna picha ya chengachenga ya kuvumilia kama zamani. Mawimbi yakipungua chini ya kiwango, picha hukatika kabisa.

Pili, dishi gani?

Antena ikishindikana, linabaki dishi, na hapo pana njia mbili.

Ya kwanza ni dishi dogo la kulipia, lenye upana wa kati ya sentimita 60 na 90. Azam TV, iliyoanza Desemba 2013, hurusha kupitia setilaiti zilizoko nyuzi 7 mashariki, na DStv kupitia nyuzi 36 mashariki. Kwa mtu wa Ipole tofauti hiyo ina maana kiwanjani. Setilaiti ya nyuzi 7 iko upande wa magharibi, ikiegemea kaskazini kidogo, kwenye mwinuko wa kama nyuzi 59. Mwembe mrefu ulio magharibi na karibu na dishi unaweza kuziba picha. Ile ya nyuzi 36 iko karibu utosini, kwenye mwinuko wa nyuzi 80 hivi. Dishi lake hulala chali zaidi, lakini miti ya mbali haina madhara. Mwenye kiwanja chenye miembe na alitazame hili kabla ya kuchagua kampuni.

Ya pili ni dishi kubwa la futi 6 au 8, lenye kupokea chaneli za bure bila ada. Bei yake ya kuanzia ni kubwa, linahitaji nguzo ya zege, na upepo ni adui yake. Faida yake ni kwamba mvua kubwa hailisumbui kama inavyolisumbua dishi dogo, ambalo picha yake hukatika mawingu mazito yanapopita. Orodha ya chaneli za bure hubadilika, hivyo mnunuzi aombe fundi amwonyeshe chaneli hizo kwenye kioo, asiridhike na orodha ya karatasi.

Tatu, daftari la miezi 24

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Tarakimu zinazofuata ni za mfano tu. Msomaji aweke bei za duka lake.

Tuseme dishi dogo pamoja na king'amuzi, fundi na nauli yake ni Sh. 150,000, na ada ya kifurushi ni Sh. 25,000 kwa mwezi. Tuseme pia dishi kubwa lililokamilika ni Sh. 420,000, halina ada, ila linahitaji matengenezo ya Sh. 30,000 kwa mwaka.

Kwa miezi 24, dishi kubwa litagharimu 420,000 na 60,000, jumla Sh. 480,000. Dishi dogo likilipiwa kila mwezi bila kukosa litagharimu 150,000 na 600,000, jumla Sh. 750,000. Lile lililoonekana rahisi dukani limekuwa ghali kwa Sh. 270,000.

Lakini hesabu haijaisha. Ada hizi hulipwa kabla ya matumizi, na mteja halazimiki kulipa kila mwezi. Mwenye kulipa miezi 13 tu kati ya 24 atatumia Sh. 475,000, chini kidogo ya dishi kubwa. Akilipa miezi 14 atafika Sh. 500,000 na atakuwa amepita. Basi swali la kujiuliza ni hili: "Nitalipa miezi mingapi?" Mkulima wa tumbaku hupata fedha masoko yanapofunguliwa, na mnunuzi wa asali msimu wa kurina. Anayeweza kulipia miezi ya fedha na kuacha miezi ya kiangazi cha mfukoni, dishi dogo linamfaa. Ambaye nyumba yake haiwezi kukaa bila picha hata wiki moja, na alipe gharama mara moja.

Yapo mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza ni kile anachotaka kutazama. Mkataba wa miaka 10 kati ya Azam Media na TFF, uliotiwa saini mwaka 2021 kwa Sh. bilioni 225.6, uliweka matangazo ya Ligi Kuu mikononi mwa kampuni hiyo. Kwa shabiki aliyefurahia Tabora United kucheza Ligi Kuu kuanzia msimu wa 2023/24, dishi kubwa la bure halimpi alichokitaka hata likiwa na chaneli mia. Pili ni mtaji. Tofauti ya fedha ya kuanzia, Sh. 270,000, ikibaki mkononi msimu wa asali inaweza kuzungushwa zaidi ya mara moja kabla ya mwaka kwisha. Faida hiyo nayo iandikwe daftarini.

Nne, umeme

Televisheni ya inchi 24 hutumia kama wati 30, na king'amuzi kama wati 10. Kwa saa 5 kila siku, hiyo ni wati-saa 200, au uniti 6 za LUKU kwa mwezi. Si mzigo mkubwa.

Kwa anayetumia sola, paneli ya wati 80 ikipata jua zuri la saa 4 hutoa wati-saa 320, na baada ya upotevu hubaki kama 210. Inatosha televisheni peke yake; taa na simu zinahitaji nyongeza. Betri ya volti 12 itatoa ampea-saa 17 kila usiku, na kwa kuwa betri ya asidi haifai kutumiwa zaidi ya nusu, inunuliwe ya ampea-saa 40 au 50. Televisheni inayotumia volti 12 moja kwa moja humwondolea mnunuzi gharama ya inveta. Radi ikianza kunguruma, waya wa dishi na wa umeme vichomolewe vyote.

Tano, hatari ya sheria na kampuni

Mwekezaji hutazama pia yasiyo mikononi mwake. Agosti 2018, wateja wa ving'amuzi vya setilaiti vya kulipia waliamka na kukuta chaneli za bure za ndani zimeondolewa, baada ya TCRA kusimamia masharti ya leseni. Kifaa kilikuwa kile kile na ada ile ile, ila kilichoonekana kilikuwa pungufu. Aidha, king'amuzi cha kampuni moja hakifungui matangazo ya kampuni nyingine. Kwa hiyo kisihesabiwe kama mali ya kudumu, bali kama gharama.

Na anayefikiria kurudisha fedha yake kwa kufungua kibanda umiza ajue kwamba kifurushi cha nyumbani hakikuuzwa kwa ajili ya kutoza kiingilio. Aulize kwanza masharti ya kampuni na vibali vya halmashauri, aviingize katika hesabu, ndipo anunue mabenchi.

Maswali ya kwenda nayo dukani

Je, kuna jirani Ipole anayetumia kifaa hiki hiki? Ada ya chini ni kiasi gani, na ikiisha zinabaki chaneli zipi? Bei imejumlisha waya, LNB, nguzo na fundi? Fundi akirudi kurekebisha, nauli ni ya nani? Dhamana ni ya muda gani, na stakabadhi inatolewa?

Anayepata majibu yote matano aandike jumla ya miezi 24, ailinganishe na mtaji wake wa msimu ujao, kisha aamue. Nyumba mpya inaweza kungoja picha mwezi mmoja zaidi, lakini mnunuzi wa asali hawezi kuungoja msimu uliokwisha pita.