Msuko wa Hadithi: Kutoka "Halafu" hadi "Kwa Hiyo"



Wengi wetu tukitunga hadithi huandika hivi: kijana anaondoka kijijini, halafu anafika mjini, halafu anaugua, halafu anaombewa, halafu anapona. Matukio yapo, lakini ni shanga zisizo na uzi. Uzi huo ndio msuko, au ploti: namna tukio moja linavyozaa jingine.

Kipimo

Kati ya tukio na tukio weka neno la kuunganisha. Likifaa "halafu" peke yake, una orodha. Likifaa "kwa hiyo" au "lakini", una msuko.

Tuupime mfano wa Mwana Mpotevu (Lk 15:11-32). Kijana anataka kujitawala, kwa hiyo anadai urithi. Anautapanya. Lakini njaa inaingia katika nchi ile, kwa hiyo analazimika kuchunga nguruwe. Tumbo tupu linamkumbusha watumishi wa baba yake wanaoshiba, kwa hiyo anaamua kurudi. Ondoa hatua moja tu, na zinazofuata zitaanguka.

Euphrase Kezilahabi, aliyesoma Seminari ya Nyegezi, alifanya vivyo hivyo katika riwaya ya *Rosa Mistika* (1971). Zakaria anamlinda binti yake kwa kipigo badala ya mazungumzo, kwa hiyo Rosa anapokuwa mbali na macho ya baba hajui kujiongoza. Maangamizi yake hayadondoki kutoka juu. Mbegu yake ilipandwa nyumbani.

Muujiza wa ukurasa wa mwisho

Hapa ndipo hadithi zetu za kidini hukwama. Mhusika amebanwa kila upande, na mwandishi, kwa kukosa njia, anamletea muujiza. Anadhani amemtukuza Mungu, kumbe amemwondolea mhusika uhuru wake. Imani yetu hufundisha kwamba neema haiufuti uhuru wa mtu, bali huuponya na kuuinua.

Angalia tena mfano ule. Bahati mbaya, yaani njaa, inamtia kijana matatani; lakini haji mtu kumbeba kutoka zizini. Anazingatia moyoni, anasimama, anatembea. Baba naye anamwona angali mbali na kumkimbilia. Huruma ile inatugusa kwa sababu inamkuta mtu aliye njiani.

Mwisho

Kaka mkubwa anakataa kuingia karamuni. Baba anatoka kumsihi. Je, aliingia? Luka hatuambii. Swali limeachwa kwetu sisi tunaojiona hatujawahi kuondoka nyumbani. Msuko mzuri hukamilisha safari, lakini si lazima ufunge kila mlango.

Zoezi

1. Andika hadithi yako kwa sentensi sita.
2. Futa kila "halafu". Weka "kwa hiyo" au "lakini". Panapokataa, tukio hilo libadilishe au liondoe.
3. Pigia mstari uamuzi mmoja ambao mhusika ameufanya mwenyewe, nao umemgharimu. Usipouona, anza hapo.