Ushujaa wa Kusimama

Andiko la somo: Mithali 22:3

Wengi wenu mnanijua kama dereva wa gari la kanisa. Leo nimepewa nafasi ya kufundisha. Nitaanza na dereva mwingine, bingwa wa dunia, kisha nitaungama jambo langu.

Dereva huyo ni Niki Lauda wa Austria. Mwaka wa 1975 alitwaa ubingwa wa Formula One akiendesha Ferrari. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Agosti, gari lake liliacha njia kule Nürburgring, Ujerumani, likashika moto. Madereva wenzake walisimama wakamchomoa motoni. Kichwa na uso viliungua vibaya, na moshi wenye sumu ukaumiza mapafu. Hali ilikuwa mbaya hata padri akaitwa kumwombea kama mtu anayekufa. Lakini baada ya wiki sita tu, vidonda vikiwa bado vibichi, alirudi mashindanoni Monza, Italia, akamaliza wa nne.

Hapo najua mtu atapiga makofi. Subiri kidogo. Kilichonigusa mimi kilitokea baadaye.

Mbio za mwisho za mwaka huo zilikuwa Fuji, Japani. Lauda alikuwa mbele ya James Hunt wa Uingereza kwa pointi 3 tu. Siku hiyo mvua ilinyesha sana, ukungu ukatanda, maji yakasimama njiani. Lauda alizunguka mara mbili, akaingiza gari pembeni, akashuka. Kwake hatari ilikuwa imezidi. Watu wa Ferrari walikuwa tayari kusema ni injini imeharibika, ili asionekane mwoga. Akakataa. Alitaka ukweli usemwe. Hunt akamaliza wa tatu na kuchukua ubingwa kwa pointi 1.

Sasa jambo langu. Jumamosi moja tulikuwa tunatoka mazishi Kakamega. Saa nane usiku tunateremka Sachangwan, mvua inanyesha, malori mbele na nyuma, na macho yangu mazito kwa usingizi. Nikapunguza mwendo. Mama mmoja akaniambia, “Dereva, usiogope, tumefunikwa kwa damu ya Yesu.” Ndugu mwingine akasema, “Kanyaga mafuta, mzee, kesho kuna ibada.”

Niliona aibu kusema nimechoka. Tulipofika Salgaa nikaingia kwenye kituo cha petroli, nikawaambia ati gari limechemsha. Nikafungua boneti, nikajifanya naangalia. Wapendwa wakashuka, wakaizunguka ile injini nzima kabisa, wakakemea roho ya uharibifu. Na mimi naitikia, “Amina!” Kisha nikalala saa mbili. Jumapili ushuhuda ukatolewa hapa madhabahuni: Mungu ameponya gari. Nikanyamaza.

Miezi michache baadaye kijana wetu mmoja alitumwa njia ile ile. Alisinzia, gari likaingia mtaroni. Mungu ni mwema, hakuna aliyekufa, lakini kijana alivunjika mkono. Nilipomtembelea hospitalini aliniambia, “Mzee, niliogopa kusema nimechoka. Wewe hujawahi kusema.”

Maneno hayo yalinichoma. Kusimama kwangu Salgaa kulikuwa kwema. Uongo wangu ndio uliomfundisha kijana kwamba dereva wa imani hachoki.

Wapendwa, Mithali inasema mtu mwenye busara huona hatari akajificha. Huo si woga. Shetani alimtaka Yesu ajitupe kutoka juu ya hekalu, tena kwa kutumia Maandiko, na Yesu akakataa kumjaribu Mungu (Mathayo 4:5-7). Zaburi ya 121 yasema Mlinzi wetu hasinzii. Haikusema dereva hasinzii.

Tena Paulo anatuagiza tuvue uongo, kila mtu aseme kweli na jirani yake (Waefeso 4:25). Kuna mtu hapa amechoka na huduma, anasingizia kazi. Mwingine biashara imemlemea kwa mikopo, anasema mambo ni sawa. Ndugu, simama. Na ukisimama, sema ukweli.

Lauda hakupotea kwa kusimama. Alichukua ubingwa tena mwaka wa 1977. Akastaafu 1979, akarudi 1982, na mwaka wa 1984 akawa bingwa mara ya tatu, akimshinda Alain Prost kwa nusu pointi. Aliyekubali kupoteza kwa pointi moja aliishi hadi akashinda kwa nusu. Alifariki mwaka wa 2019, akiwa na miaka 70.

Kwa mazungumzo nyumbani: Ni wapi unaendelea kwa sababu tu ya aibu? Ni nani anayekuangalia na kujifunza kwako?

Ombi: Bwana, nipe macho ya kuona hatari, miguu ya kusimama, na kinywa cha kusema kweli. Amina.