Gari la Parokia, Alizeti ya Ihanja na Ushuru wa Forodha

SOMO LA KAMATI ZA PAROKIA NA VIGANGO



Kikao cha kamati ya maendeleo kule Ihanja kilikuwa na ajenda moja tu: gari. Lililopo limechoka, na wakati wa mvua hukwama njiani na mgonjwa akiwa ndani. Katibu alikuwa amepata bei ya gari lililotumika kutoka Japani, akaiandika vilevile kwenye andiko la mradi la kupelekwa kwa wahisani. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi Dar es Salaam akauliza, "Katibu, hiyo ni bei ya kule au ya kulitoa bandarini?" Kikao kikanyamaza.

Baada ya maelezo marefu kuhusu kodi, mama mmoja mkulima akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, mimi nimeambiwa ushuru ni wa kulinda viwanda vyetu. Sasa hapa nchini nani anatengeneza gari la namna hii, hata tumlinde kwa fedha ya wagonjwa?" Watu wakacheka, lakini swali halikujibiwa. Tumeona vema lijibiwe hapa, kwa kuwa linazigusa kamati zote zinazoandika maandiko ya kuomba gari, na linamgusa mama huyo mwenyewe kwa upande ambao siku ile hakuutaja.

Hesabu ya bandarini

Tanzania hutoza ushuru wa forodha kwa kufuata kiwango cha pamoja cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Utaratibu huo ulianza tarehe 1 Januari 2005 ukiwa na ngazi tatu: malighafi asilimia 0, bidhaa zilizotengenezwa nusu asilimia 10, na bidhaa kamili asilimia 25. Ngazi ya nne ya asilimia 35 iliongezwa Julai 2022. Gari dogo zima linaloingia kwa magurudumu yake huhesabiwa kuwa bidhaa kamili, yaani asilimia 25.

Tuchukue mfano wa kufundishia. Gari dogo lenye injini kati ya cc 1,000 na 2,000 limefika Dar es Salaam, na thamani yake pamoja na bima na nauli ya meli ni shilingi 10,000,000. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni 2,500,000. Sasa gari lina thamani ya 12,500,000, na juu ya hiyo hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, yaani 625,000. Jumla imekuwa 13,125,000. Juu ya jumla hiyo inakuja VAT ya asilimia 18, ambayo ni 2,362,500. Tumefika 15,487,500, na bado hatujagusa ada ndogo ndogo, gharama za wakala, wala ushuru wa uchakavu unaotozwa magari yenye umri mkubwa.

Angalieni jambo ambalo wengi hawalioni. Kama ushuru wa forodha ungekuwa sifuri, gari hilo hilo lingefika 12,390,000. Tofauti ni shilingi 3,097,500, wakati ushuru wenyewe ulikuwa 2,500,000 tu. Kodi nyingine zimepanda mgongoni mwa ushuru. Aidha, TRA haitegemei risiti ya muuzaji peke yake. Ina mfumo wake wa kukadiria thamani ya magari yaliyotumika, na kamati inayopata gari kwa bei ya kutupa huweza kushangaa kukuta thamani ya forodha iko juu zaidi. Kikokotoo kipo kwenye tovuti ya TRA. Katibu akitumie kabla ya kuandika andiko.

Kuhusu misamaha ya kodi, tunashauri kamati isiandike bajeti kwa kuitegemea. Mwaka 2009 Serikali ilitangaza katika bajeti nia ya kupunguza misamaha ya mashirika ya dini, viongozi wa dini wakapinga, na Serikali ikalegeza msimamo. Jambo lililojadiliwa mara moja huweza kujadiliwa tena. Gari likikaa bandarini likisubiri barua, gharama za kuhifadhi huongezeka siku hadi siku.

Je, aliyetengeneza gari anaumia?

Wapo wanaodhani ushuru unalipwa na Mjapani. Kwa gari letu la mfano, sivyo. Kiwanda kililiuza gari hilo miaka mingi iliyopita kwa mtu wa Tokyo au Osaka, kikachukua fedha yake. Anayeliuza leo ni mfanyabiashara wa magari yaliyotumika. Ushuru wetu haumfikii mwenye kiwanda. Unaishia kwa mnunuzi.

Kwa nchi yenye soko kubwa mambo ni tofauti. Marekani ilipoweka ushuru wa ziada wa asilimia 25 kwa magari ya nje kuanzia tarehe 3 Aprili 2025, watengenezaji wa Japani walibeba sehemu ya mzigo kwa kushusha bei ya kuuzia huko, kwa sababu hawakutaka kupoteza wateja wao. Mwezi Septemba mwaka huo kiwango kwa magari ya Japani kikashuka hadi asilimia 15 baada ya mazungumzo. Sisi hatuna ubavu wa kumfanya mtengenezaji apunguze bei kwa ajili yetu.

Kipo kisa cha zamani zaidi ambacho watu wa Singida, wafugaji wa kuku, watakifurahia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kuku wa Marekani walikuwa wakiuzwa kwa wingi Ulaya kwa bei nafuu. Mwaka 1962 nchi za Soko la Pamoja la Ulaya zikawawekea ushuru mkubwa ili kulinda wafugaji wao. Marekani ikajibu. Desemba 1963 Rais Lyndon Johnson aliidhinisha ushuru kwa bidhaa kadhaa za Ulaya, miongoni mwake wanga wa viazi, brandi, na malori madogo kwa asilimia 25. Waliolengwa kwenye malori walikuwa Wajerumani wa Volkswagen. Bidhaa nyingine ziliondolewa baadaye, ila ushuru wa malori madogo haukuondolewa kamwe. Kuku walisahaulika, pikapu zikabaki.

Na watengenezaji wa nje walifanyaje? Kwanza walitafuta upenyo. Wajapani walipeleka pikapu bila bodi la nyuma, kwa kuwa gari lisilokamilika lilitozwa asilimia 4 tu, kisha bodi likafungwa huko huko. Upenyo huo ulizibwa mwaka 1980. Ndipo wakajenga viwanda: Nissan ilianza kutengeneza pikapu Smyrna, Tennessee, mwaka 1983. Kwa upande huo ushuru ulileta ajira. Lakini viwanda vya Wamarekani wenyewe, vikiwa nyuma ya ukuta, vilizoea kuuza pikapu kubwa za bei kubwa. Hilux tunayoiona kila mnada haiuzwi Marekani hadi leo. Toyota huuza huko pikapu nyingine iitwayo Tacoma, nayo hutengenezwa Meksiko.

Kwetu Afrika Mashariki

Tusiseme hatukujaribu. Kenya ilijenga viwanda vitatu vya kuunganisha magari katika miaka ya 1970: Leyland kule Thika, AVA Mombasa, na General Motors Nairobi. Serikali ilizuia magari mazima yaliyoshindana navyo, na Peugeot 504 zilizobeba abiria kote Afrika Mashariki nyingi ziliunganishwa Mombasa. Soko lilipofunguliwa miaka ya 1990, magari yaliyotumika kutoka Japani yakamwagika, na viwanda vikabaki vikifanya kazi chini sana ya uwezo wake. Havikufa. Kile cha General Motors kilipita mikononi mwa Isuzu mwaka 2017, na nguvu yake iko kwenye malori na mabasi. Sababu moja ni kwamba vipande vya gari vinavyoletwa kuunganishwa hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 0, wakati gari zima linatozwa ushuru mkubwa. Nafasi hiyo kati ya viwango viwili ndiyo riziki ya kiwanda cha kuunganisha.

Sisi Tanzania tulikuwa na TAMCO pale Kibaha, iliyounganisha malori ya Scania, na jirani yake kiwanda cha trekta za Valmet. Wazee wanaikumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, fedha za kigeni zilipoadimika nchini na viwanda vingi vikakaa vikisubiri vipuri. Ushuru unaweza kumzuia mshindani mlangoni, lakini haununui vipuri. Arusha tulikuwa na General Tyre, ambayo matairi yake yalivaliwa na karibu kila gari la misheni. Nacho kilisimama mwishoni mwa miaka ya 2000. Siku hizi Kibaha kuna tena kiwanda, GF, kinachounganisha malori ya FAW kutoka China. Kwa hiyo jibu la kwanza kwa mama wa Ihanja ni hili: malori wapo wanaoyaunganisha, ila gari dogo lililotumika la aina ile katibu aliyoitaka halina kiwanda cha kulindwa hapa nchini. Shilingi 3,097,500 zile ni mapato ya Serikali zaidi kuliko ulinzi wa kiwanda, na ni haki kamati ilijue hivyo.

Viwanda vya ndani ni vipi?

Lakini mama yule ni mkulima wa alizeti, na hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo.

Mafuta yake yana mshindani pia, nayo ni mafuta ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia. Katika bajeti ya mwaka 2018/19 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ghafi ya kula hadi asilimia 25, na wa yaliyosafishwa hadi asilimia 35. Mkoani Singida wengi walishangilia, na hatukumsikia mtu akiuliza mlaji wa Dar es Salaam atalipaje. Ushuru uliomuuma mama huyu kwenye gari ndio uliomfurahisha kwenye gunia.

Sasa tazameni pengo kati ya 25 na 35. Linamlinda nani? Linamlinda mwenye kiwanda kikubwa cha kusafisha, anayeleta mafuta ghafi kwa meli na kuyasafisha nchini. Naye ni kiwanda cha ndani, ana wafanyakazi wa ndani, analipa kodi za ndani. Yeye anataka mafuta ghafi yaingie kwa ushuru mdogo. Mwenye mashine ya kukamua alizeti Singida anataka mafuta ghafi hayo hayo yatozwe zaidi. Wote wawili husimama mbele ya Serikali wakisema, "Tulinde viwanda vya ndani," na kila mmoja anasema kweli yake.

Kwenye magari ni vilevile. Anayeunganisha lori hutaka vipande viingie bure. Fundi wa nchini anayeweza kutengeneza viti, spring au betri angetaka vipande hivyo vitozwe ili lori linunue vya kwake. Ukipunguza ushuru wa vipande, unamjenga wa kwanza na kumdhoofisha wa pili. Tangu tulipoanza kuandaa somo hili, kila tunaposikia redioni kwamba ushuru fulani umewekwa "kulinda viwanda vya ndani", sisi tunauliza: kipi kati ya hivyo?

Jambo jingine ni kuyumba. Mwaka 2022 bei ya mafuta ya kula ilipanda dunia nzima, hasa baada ya vita vya Ukraine kuanza, na kilio kikawa cha mlaji: mafuta ya nje yaingie kwa nafuu. Msimu uliofuata bei ya alizeti ikaanguka, kilio kikahamia kwa mkulima. Mtu anayetaka kununua mashine ya kukamua kwa mkopo wa miaka mitano hutazama nyuma na kuona kanuni zinazojadiliwa upya kila Juni, bajeti inaposomwa. Wakati mwingine huahirisha. Kwa maoni yetu, kiwango cha wastani kinachokaa miaka kumi kingemsaidia mkamuaji wa Ikungi kuliko kiwango kikubwa kinachobadilika kila mwaka. Hata Nissan haikujenga Tennessee kwa sababu ushuru ulikuwa mkubwa tu. Tunadhani ilijenga kwa sababu ilikwisha amini kwamba ushuru ule hautaondoka.

Kamati ya Ihanja iliamua nini?

Andiko lilirudishwa kwa katibu. Liliandikwa upya likiwa na safu mbili za bei: ya kununulia na ya kulitoa gari bandarini, pamoja na akiba ya mabadiliko ya thamani ya shilingi. Kamati pia ilikubali kuulizia bei ya gari lenye umri mdogo zaidi, kwa kuwa ushuru wa uchakavu wakati mwingine hula nafuu yote ya kununua gari kuukuu. Wahisani wetu tunawaomba muwe wavumilivu mnapoona kiasi kilichoombwa kimepanda kwa zaidi ya nusu. Hakuna aliyeongeza chake.

Mama wa alizeti alitaka iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba yeye bado anataka mafuta ya nje yatozwe ushuru. Iliandikwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Orodhesheni vitu vitano vilivyonunuliwa na parokia mwaka huu. Vipi viliingia kutoka nje, na ni vipi kati ya hivyo vina mtengenezaji nchini?

2. Rudieni hesabu ya gari kwa kutumia thamani ya shilingi 18,000,000. Ushuru wa forodha peke yake umeongeza kiasi gani kwenye bei ya mwisho?

3. Kama mngealikwa kutoa maoni kuhusu ushuru wa mafuta ya kula, mngesema nini mbele ya mkulima? Na mbele ya mama ntilie anayekaanga maandazi mjini Singida?