MADA NDOGO: MUKTADHA WA LUGHA KATIKA ANDIKO LINALOSAMBAZWA LENYEWE MTANDAONI

Mwanafunzi, umekwishajifunza kuwa matumizi ya lugha hutegemea muktadha. Hapa Mafiga, Morogoro, ni rahisi kulikumbuka hilo: chungu hukaa juu ya mafiga matatu. Matumizi ya lugha nayo tuyawekee matatu: nani anasoma, ana uhusiano gani na mwandishi, na lengo ni nini. Ukiondoa figa moja, chungu kinamwagika.

Maelezo
Blogu ni shajara ya mtandaoni. Ndesanjo Macha na Issa Michuzi ni miongoni mwa Watanzania waliotangulia katika uandishi huu, miaka ya 2004 na 2005. Wakati huo msomaji aliifuata blogu mwenyewe. Siku hizi blogu huweza kuunganishwa na mitandao ya kijamii. Ukishatoa ruhusa mara moja, kila unapochapisha, kichwa cha habari, picha na kiungo hupelekwa huko bila wewe kugusa kitu. Tangu Agosti 2018, Facebook haipokei machapisho ya namna hiyo katika akaunti binafsi, bali katika kurasa.

Mfano
Chukulia kuwa unaandika blogu kwa ajili ya wenzako wa darasani, nayo imeunganishwa na ukurasa wako wa Facebook. Umenunua tenga la nyanya kwa bei ya kuruka, ukaandika kichwa: "Nimepigwa sokoni." Wenzako wanacheka, kwani kwao kupigwa ni kulaliwa bei. Shangazi yako aliyeko Mgeta anakiona kichwa hicho peke yake. Kwake kupigwa ni kupigwa. Anapanda gari la kwanza kushuka Morogoro, nauli ya mkopo mkononi, kuja kukuuguza. Unafuta andiko kwenye blogu, lakini lile la Facebook bado lipo.

Uchambuzi
Sentensi haina kosa la kisarufi. Ina utata, kwa kuwa neno "kupigwa" lina maana zaidi ya moja. Aya zilizofuata ziliuondoa utata huo, lakini kilichosafiri ni kichwa tu.

Zingatia
1. Andika kichwa kinachoeleweka bila andiko lake: "Nimeuziwa nyanya kwa bei ya juu."
2. Misimu ibaki kwa wanaoielewa.
3. Jambo la watu wachache, zima usambazaji kabla ya kuchapisha.
4. Ukifuta, futa kote lilikofika.

Swali la kujipima
"Nyumba imewaka moto jana usiku" ni kichwa cha andiko kuhusu sherehe ya harusi.
(a) Eleza utata uliomo. (alama 2)
(b) Kiandike upya ili kisambazwe bila kuzua taharuki. (alama 2)

Dokezo: Wanafunzi wengi hujibu (a) kwa kutaja maana moja tu. Utata ni lazima uonyeshe maana mbili au zaidi. Kabla ya kujibu (b), jiulize: shangazi akisoma hiki peke yake, atalala?