Handaki la Upepo na Tarakilishi: Kipi Halisi, Kipi Kiigizo?

Aghalabu, wanaojadili mwendo wa vyombo vyenye kasi kuliko sauti hutofautisha "jaribio halisi" na "uigaji". Jaribio hufanyika katika handaki la upepo, yaani bomba pana ambamo hewa husukumwa kwa kasi ikaupita mfano mdogo wa chombo uliokazwa mahali pamoja. Uigaji nao hufanywa na tarakilishi, ambayo huigawa hewa inayokizunguka chombo katika vipande vidogo vidogo, ikakokotoa shinikizo, joto na kasi ya kila kipande. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba istilahi hizo zinapotosha, kwani handaki nalo huiga.

Ushahidi ulipatikana tarehe 14 Aprili 1981, chombo cha Marekani kiitwacho Columbia kilipokuwa kikirejea duniani kutoka safari yake ya kwanza. Ndani yake walikuwamo John Young na Robert Crippen. Hakuna chombo cha aina hiyo kilichokuwa kimetangulia kuizunguka dunia bila watu. Tegemeo kuu lilikuwa vipimo vya mahandakini, vilivyochukua maelfu ya saa. Kwa mujibu wa vipimo hivyo, ubapa ulio chini ya mkia ungehitaji kuinamishwa nyuzi 7 au 8 hivi ili pua ya chombo isiinuke kupita kiasi. Katika kasi ya juu kabisa, ubapa ulilazimika kuinama takriban maradufu ya kiwango hicho. Kikomo chake kilikuwa nyuzi 22.5. Wawili hao walitua salama, lakini sehemu kubwa ya akiba ilikuwa imekwisha kutumika.

Kosa lilikuwa wapi? Vifaa vya kupimia havikuwa na kasoro. Chombo kinapoingia angani kwa kasi inayozidi mara 20 ile ya sauti, hewa iliyo mbele yake hubanwa na kupata joto la maelfu ya nyuzi, hata molekuli za oksijeni zikavunjika kuwa atomu. Uvunjikaji huo hufyonza nishati na kubadilisha mgawanyo wa shinikizo chini ya chombo. Hewa ya handakini haikufikia joto hilo. Yapo mahandaki yanayoweza kulifikia, ila mtiririko wake hudumu milisekunde chache tu. Tarakilishi ndizo zilizokuja kulifafanua jambo hili, milinganyo ya kikemia ilipoingizwa katika ukokotoaji.

Hata hivyo, anayedhani kwamba handaki limepitwa na wakati ana haraka. Tarakilishi hutatizika pale mtiririko mtulivu unapogeuka kuwa wa msukosuko, mgeuko ambao huzidisha joto kwenye ngozi ya chombo mara kadhaa. Mnamo mwaka 2005, vipande viwili vya kitambaa kigumu vilionekana vikichomoza baina ya vigae vya tumbo la Discovery. Wahandisi hawakuweza kukadiria kwa uhakika joto ambalo vichomozo hivyo vingesababisha. Stephen Robinson akatoka nje ya chombo, akavichomoa kwa mkono.

Suala hilo halikuachwa hapo. Mwezi Machi 2009, Discovery iliruka ikiwa na kigae kilichotengenezwa makusudi kikiwa na kinundu cha milimita 6 hivi, na vipimajoto nyuma yake, ili safari yenyewe itoe takwimu ambazo handaki na tarakilishi zingesahihishwa kwazo.