Jinsi ya Kupapata Mahali Alipopataja Nyanya

Wengi wenye asili ya Makueni na kusini mwa Kitui wanalikumbuka jina la kisima, kilima au malisho lililotajwa nyumbani, lakini kwenye ramani ya simu halimo. Mahali hapo panaweza kupatikana, mradi uanze na masikio.

1. Andika ulivyosikia. Usisahihishe tahajia. Ongeza kila ishara: upande upi wa reli, ng'ambo ipi ya mto Athi, milima ya Chyulu ilionekana wapi, maji yalikuwa ya chumvi au matamu.

2. Lirudishe jina kwenye Kikamba. Waliochora ramani waliandika walichodhani wamesikia. Mtito Andei kwa wenyeji ni Mutitu wa Ndei, msitu wa tai. Ile "wa" ikamezwa katikati. Kikamba hakina r, kwa hiyo ukikumbuka r, jaribu l. Jifunze maneno ya ardhi: kiima ni kilima, ivia ni jiwe, kithima ni kisima.

3. Waulize walioizoea ardhi: wachungaji, warina asali, kina mama wazee waliochota maji. Ukiuliza, "Si maana yake ni hii?" mzee atakubali kwa adabu tu. Uliza, "Hapa mnapaitaje? Na zamani?" Waulize wawili, kila mmoja kivyake.

4. Fikiria hifadhi. Tsavo ilitangazwa mbuga ya taifa mwaka 1948, na ardhi waliyoizoea Wakamba, Wataita na Waata ikabaki ndani. Huenda unachokitafuta kiko huko. Waata husema lugha ya jamii ya Kioromo, basi jina lisilofunguka kwa Kikamba lijaribu kwao. Usiingie porini kiholela. Lango la Tsavo Magharibi liko hapo hapo Mtito Andei.

5. Pima hadithi kwa tarehe. Reli ilianza Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899. Ukiambiwa Mtito Andei iliitwa hivyo kwa sababu tai walifuata maiti za wajenzi wa reli, tafuta jina hilo katika maandishi ya kabla ya hapo. Wamishonari wa Kiskoti, kwa mfano, walifika Kibwezi 1891. Ukilikuta, hadithi hiyo imeanguka. Mji wa Sultan Hamud hausumbui: jina ni la Sultani Hamoud wa Zanzibar, aliyetawala 1896 hadi 1902, na ni la enzi ya reli.

6. Mwisho, pekua karatasi. Ramani za 1:50,000 ziko Survey of Kenya, Ruaraka. Kwenye Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, usiombe majalada ya Makueni ya enzi ya ukoloni: eneo hilo lilikuwa chini ya Wilaya ya Machakos. Ng'ambo ya Athi, omba ya Kitui.

Ukishapapata, chukua vipimo vya GPS, mrekodi mzee akilitamka jina, kisha uache nakala katika shule ya karibu.